Swichi Mbili za Ikongwe

Jumatatu asubuhi, mlinzi wa Kituo cha Afya cha Ikongwe, juu kabisa ya Chome ambako msitu wa Shengena unaanza kunong'ona, aliandika katika daftari la wageni: "Fundi Nassoro na mkewe, kutoka Same. Kuunganisha mtandao." Aliandika bila kuuliza. Alimwona mwanamume mwenye ngazi begani na mwanamke mwenye begi la kompyuta, akajijibu mwenyewe nani ni nani.

Alikosea. Fundi alikuwa Salha. Nassoro alikuwa mumewe, mpanda ngazi, mvuta waya na, kama alivyopenda kujitambulisha, waziri wa mambo ya nje. Lakini kutoka getini hadi ofisini ni hatua thelathini, na katika hatua hizo watu watano walimpa Nassoro mkono wakamwambia, "Karibu sana, fundi," kisha wakamgeukia Salha, "Pole na safari, mama."

"Fundi ni huyu," Nassoro alisema kila mara.

Watu wakacheka. Walidhani ni mtu wa utani.

Chai ilipoletwa, Nassoro alipewa kiti chenye mto na Salha akaonyeshwa benchi la ukutani. Mama Agatha, mjumbe wa kamati ya kituo na pia mwandishi wa zamu za mfereji wa kijiji, alichungulia kutoka jikoni na kumwita kwa wema kabisa, "Binti, njoo utusaidie kuchambua maharage ya makande. Mwache mumeo afanye kazi yake."

Salha akajikaza. "Shikamoo mama. Nikimaliza kazi yangu nitakuja."

"Marahaba. Kazi gani tena?"

Salha akafungua kompyuta. Hakuona haja ya kujibu kwa mdomo jambo ambalo litajibiwa na mikono.

*

Ilipofika Jumatano saa nne asubuhi, mikono ilikuwa haijajibu kitu.

Kituo kilikuwa na majengo mawili. La zamani lilikuwa na ofisi, duka la dawa na dirisha la malipo. Jipya, wodi ya wazazi, lilikuwa ng'ambo ya bonde dogo, na chini ya bonde ulipita mfereji wa kumwagilia. Kila jengo lilikuwa na swichi yake, kile kisanduku ambamo kompyuta zote huchomekwa ili zipate kuongea. Swichi ya jengo la zamani ilikuwa zawadi ya wafadhili, ya chuma, nzito. Ile ya wodi ilikuwa nyeupe na nyepesi, ya mtengenezaji mwingine kabisa, na ilinunuliwa Kariakoo na Mzee Gideoni, mhazini wa kamati, kwa sababu bei yake ilikuwa nusu. Mzee Gideoni aliitaja bei hiyo katika kila kikao, hata kile cha kujadili choo.

Kati ya majengo hayo ulipita waya mmoja tu wa faiba. Kijiji kizima kilikuwa kimeuchimbia mtaro kwa msaragambo: baragumu lilipulizwa alfajiri, kila kaya ikatoa mtu na jembe, na kufika jioni waya ulikuwa umeshafukiwa. Hakuna aliyekuwa tayari kusikia kwamba unatakiwa mwingine.

Tabu ni kwamba kwenye waya huo mmoja ilitakiwa ipite mitandao mitatu, na isichanganyike. Mmoja wa taarifa za wagonjwa, mmoja wa malipo, mmoja wa simu za wafanyakazi na wageni. Kampuni moja ya mjini ilishafika, ikatazama, ikatikisa kichwa. Ilisema swichi za watengenezaji wawili haziwezi kuelewana, kwa hiyo ama inunuliwe nyingine ya aina ya kwanza, ama ichimbwe mitaro miwili zaidi. Salha akasema la. Kila mtandao utapewa namba, VLAN kumi, ishirini na thelathini, na kila kinachoingia kwenye waya kitabandikwa namba yake, ili upande wa pili kisomwe na kupelekwa kunakohusika. Waya unaobeba mizigo ya namna hiyo mafundi huuita trunk. Namba hizo, alisema, ni makubaliano ya dunia nzima, si mali ya kampuni yoyote.

Alilisema hilo mbele ya kamati, kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Sasa taa zote zilikuwa zinawaka kijani, swichi mbili zilikuwa zinaonana, na bado kompyuta ya wodi haikuiona ya duka la dawa. Katika mitandao ile mitatu hakikuvuka kitu, hata kimoja cha dawa.

"Fundi," Mzee Gideoni alisema, akimtazama Nassoro, "tatizo ni nini?"

"Muulize fundi, mzee," Nassoro akajibu, akimwonyesha Salha kwa kidevu.

Mzee Gideoni akamgeukia Salha taratibu, kwa shingo ya mtu anayelazimishwa. "Haya. Tatizo ni nini?"

"Bado ninalitafuta, mzee."

"Siku ya tatu?"

Mzee Gideoni akavua miwani, akaifuta kwa shati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameinunua swichi ile nyeupe kwa kichwa chake mwenyewe, na kama haifanyi kazi, kijiji kizima kingejua nani wa kulaumiwa. Hofu yake ilitoka ikiwa imevaa ukali.

"Kesho saa sita mchana," akasema. "Ikishindikana, tunawaita wale wa mjini. Nyie mtafungasha ngazi yenu."

*

Nje ya dirisha, mvua ilikuwa inanyunya. Salha alimwona bibi mmoja akitoka wodini ameficha karatasi chini ya kanga. Binti yake, Lea, alikuwa amelazwa kwa uchungu tangu alfajiri. Bibi aliteremka bondeni, akauvuka mfereji kwa kigogo kinachoteleza, akapanda hadi dirisha la malipo. Hapo akaambiwa karatasi haisomeki, imelowa, arudi ikaandikwe upya. Akashuka, akavuka, akapanda. Baada ya robo saa alikuwa amerudi, safari hii karatasi ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Akalipa. Akaenda duka la dawa. Akaambiwa dawa moja imeandikwa kwa jina wasilolielewa, akamwulize nesi Hellen.

Bibi hakulalamika. Alikaa kwanza kwenye ngazi akapumua, akakamua ncha ya kanga, kisha akaanza tena kushuka. Salha aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyemtuma.

Simu ikalia. Alikuwa Muhidin, kaka mkubwa wa Nassoro, mwenye nyumba ya fremu nne pale Same, jirani na stendi. Moja ya fremu hizo aliwaachia Salha na Nassoro mwaka mzima wafanyie shughuli yao, kwa sharti kwamba ndani ya mwaka huo wamwonyeshe kazi moja ya maana. Kabla ya hapo Salha alikuwa anatengeneza simu kwenye meza ya barazani, Makanya, vumbi la malori likimwingia machoni na katika kila simu aliyoifungua. Mwaka ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Vipi huko juu, shemeji?" Muhidin aliuliza.

"Tunaendelea, shemeji."

"Kuendelea nako kuna mwisho wake. Nasrin amepata mtu wa saluni, anataka kuingia Jumamosi." Nasrin alikuwa mke wake, na kila jambo gumu Muhidin alipenda kulisema kwa jina la Nasrin. "Mimi siwafukuzi. Ila kama na hii imeshindikana, rudini tu nyumbani. Meza bado ipo. Nassoro kule kwenye machimbo ya jasi hawezi kukosa kibarua."

"Haijashindikana."

"Haya. Nisikie Ijumaa."

Salha akaiweka simu mezani ikiwa imelala kifudifudi. Alikuwa anaitaka fremu ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, pamoja na mlango wake wa bati na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi ya buluu. Bila fremu hakuna ofisi ambayo ingempa kazi ya mtandao mwanamke mwenye meza barazani.

Nassoro alikuwa amesikia. Akavuta stuli, akaketi karibu, akapunguza sauti.

"Salha. Si ulisema ule mtandao namba moja unapita?"

"Ule wa kuzaliwa nao swichi, inaotoka nao kiwandani. Ndiyo, unapita."

"Basi si tuwaweke wote humo? Wagonjwa, malipo, wageni, wote. Kazi itaonekana imekwisha leo leo. Mzee atafurahi, Muhidin atanyamaza. Nani atajua?"

Salha alimtazama. Alijua hakuwa mvivu wala mjanja. Alikuwa amechoka kumwona mkewe akidharauliwa.

"Nassoro, hapa kuna watu wanachukua dawa zao Alhamisi kwa kificho, wanapitia mlango wa nyuma ili jirani asiwaone. Ukiwaweka wote pamoja, kijana yeyote mwenye nywila ya wageni na akili ya kudadisi anaweza kukaa kwenye benchi pale nje akasoma majina yao. Kijiji kidogo hiki. Wataishije?"

Nassoro akainamisha kichwa. "Nimekosea."

"Hujakosea. Umenionea huruma. Lakini usiniambie tena, maana nitakubali."

*

Alhamisi asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye madirisha. Salha alikunywa chai ya tangawizi amesimama, akaanza upya kutoka mwanzo, poti kwa poti, yaani tundu kwa tundu la waya: swichi ya chuma, poti ya trunk, sawa, swichi nyeupe, poti ya trunk, sawa. Namba kumi ipo, ishirini ipo, thelathini ipo. Pande zote mbili ziliandikwa vile vile. Alizisoma mara nne, kama mtu anayesoma barua ya kukataliwa kazi akitumaini ya tano itakuwa na maneno mengine.

Nassoro akashuka bondeni kuukagua waya pale unapopita chini ya mfereji, asije akawa panya ameutafuna. Waya ulikuwa mzima. Mikono yake ndiyo iliyojaa tope. Akaona upenyo mdogo ubavuni mwa mfereji umezibwa kwa udongo na magome ya migomba, akauzibua, akanawa kwa raha zake kwenye maji yaliyochuruzika, akarudi juu akipiga mluzi.

Haikupita nusu saa. Mlango wa ofisi ulifunguliwa kwa kishindo na Mama Agatha akaingia, tope hadi magotini, daftari la zamu kwapani.

"Nani amefungua mlango wa shamba la Sifael?"

Nassoro alitazama buti zake. Zilimsaliti.

"Nilinawa tu, mama."

"Ulinawa! Ukaacha wazi! Leo si zamu ya Sifael, zamu yake ni Jumanne. Maji ya kitongoji cha chini yote yameingia kwenye magimbi yake, na yeye amekaa anacheka. Unajua watu walishapelekana mahakamani kwa jambo kama hili?"

"Nisamehe mama. Kwetu Makanya sikuona mambo hayo. Korongo likishuka na maji, kila mlango wa shamba uko wazi. Anayetaka kuzuia ndiye anayekwenda kuziba."

"Kwenu ni mafuriko!" Mama Agatha alipiga daftari mezani. "Mnakinga kinachokuja. Huku maji yanatoka kwenye ndiva, bwawa letu la juu, kwa hesabu. Huku kila mlango umefungwa mpaka mwenye zamu afunguliwe. Asipofunguliwa, hata mfereji ukijaa hadi ukingoni, maji yanapita mbele ya shamba lake anayatazama tu."

Vidole vya Salha vilisimama juu ya kompyuta.

"Mama," akasema, "hebu rudia hapo."

"Nirudie nini? Mumeo kaharibu zamu!"

"Mfereji umejaa, lakini shamba halipati."

"Halipati. Kwani limefunguliwa?"

Salha akasimama, akakaa, akasimama tena. Miaka yote alikuwa amejifunzia swichi za mtengenezaji yule mmoja, wa chuma. Swichi zile ukiiambia poti iwe trunk, hufungua kila kitu kipite, na usichokitaka unakwenda kukiziba mwenyewe. Kwa hiyo alipoiambia ile nyeupe poti iwe trunk, akaandika na namba zote tatu, aliridhika. Hakuwahi kuuliza kama milango iko wazi. Kwao ilikuwa wazi siku zote.

Akafungua ukurasa wa swichi nyeupe, akaingia kwenye orodha ambayo tangu Jumatatu aliipita bila kuitazama, ile ya mitandao inayoruhusiwa kwenye poti ya trunk. Ilikuwa na namba moja tu. Moja. Ule wa kuzaliwa nao.

"Nassoro," akasema. "Imefungwa. Siku zote hizi ilikuwa imefungwa."

"Nini?"

"Inasubiri zamu!"

Mama Agatha akamtazama Nassoro, akamtazama Salha, akajiuliza kama mwinuko unawadhuru watu wa tambarare. Salha akaandika kumi, akaandika ishirini, akaandika thelathini, akabonyeza kuhifadhi. Kisha akampigia simu nesi Hellen wodini.

"Dada Hellen, mwandikie Lea dawa zake. Usitumie karatasi. Andika kwenye kompyuta, utume."

"Lea amejifungua saa moja hii asubuhi," Hellen alisema. "Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu. Dawa zake ndizo ninataka kuandika sasa, mama yake ameshavaa kanga ya kuja huko."

"Mwambie akae."

Wakatoka wote watatu, wakaenda kusimama nyuma ya mwuza dawa. Skrini ilikuwa tupu. Kisha mstari mmoja ukajitokeza juu ya skrini kwa herufi safi, jina la Lea, dawa tatu, vipimo vyake, na jina la Hellen chini.

Mwuza dawa akasoma kwa sauti, bila kukwama hata kwenye lile jina la jana. "Hii inasomeka," akasema, akashangaa mwenyewe.

Salha alijawa na furaha hadi akashika ukingo wa meza. Lakini hakukubali kucheka bado. Saa ilikuwa tano na nusu.

*

Mzee Gideoni alifika saa sita kasoro, akiwa na wajumbe wawili na namba ya simu ya kampuni ya mjini imeandikwa kwenye kiganja kwa kalamu.

"Nasikia kuna kitu kimepita," akasema.

"Vimepita viwili, mzee. Wagonjwa na wageni," Salha akajibu. "Malipo bado."

"Bado!"

"Nipe dakika chache."

"Saa sita ni saa sita, binti."

Nassoro akavuta pumzi ya kusema neno, Salha akamwonyesha kiganja. Safari hii hakuwa anatafuta gizani. Alijua tabia ya mwenyeji wake: swichi nyeupe haifanyi kitu ambacho haikuambiwa. Akatembea hadi wodini kwa miguu yake, akavuka kile kigogo kinachoteleza, na kamati nzima ikamfuata nyuma, mzee na miwani yake, Mama Agatha na daftari lake. Kwenye wodi kulikuwa na kompyuta ndogo ya kupokea malipo. Poti yake ilikuwa imeruhusiwa kwenye mtandao wa ishirini, ule wa malipo, sawa. Lakini mahali pa kuiambia poti yenyewe ni ya mtandao gani, palikuwa bado pameandikwa moja. Majibu yaliweza kuifikia, lakini ilichotuma yenyewe kilikuwa kinapotelea kwingine. Akafuta moja, akaandika ishirini.

"Jaribu, dada Hellen."

Hellen akabonyeza. Namba ya malipo ya Lea ikatokea. Akapiga simu jengo la zamani, akaweka spika, na sauti ya keshia ikajaa wodi: "Nimeiona! Nimeiona, imeingia!"

Bibi, mama yake Lea, alikuwa amesimama mlangoni, kanga kichwani, tayari kwa safari. "Nipeni karatasi niende," akasema.

"Hakuna karatasi, bibi," Hellen akamwambia. "Huendi popote. Dawa zinaletwa na mhudumu. Nenda ukambebe mjukuu wako."

Bibi akamtazama kila mtu mmoja mmoja, kuhakikisha hakuna anayemtania. Kisha akavua kanga ya mvua, akaikunja vizuri, akaenda kumbeba mjukuu. Salha akageukia ukutani akajifuta macho. Hakuyaficha machozi vizuri.

"Ngoja kwanza," Mzee Gideoni alisema, kwa kuwa mhazini hawezi kuridhika upesi hivyo. Akatoa simu yake, akaomba nywila ya wageni, akaingia. Alibonyeza, akabonyeza, akaivuta miwani hadi ncha ya pua. "Nataka kuona hizo taarifa za huyu mzazi."

"Tafuta, mzee."

Alitafuta dakika tano nzima. Alimpa mjumbe mwingine simu yake, naye akatafuta. Wakampa mwuguzi mwanafunzi, mtu anayesemwa kuwa anaijua simu kuliko mtengenezaji wake. Hakuna aliyeona kitu. Waliona habari za mpira.

"Kwa hiyo," Mzee Gideoni alisema polepole, "ninasimama hapa, waya ule ule unapita, mambo ya watu yanapita humo humo, na mimi siyaoni."

"Huyaoni, mzee. Yanapita mbele ya shamba lako."

Mama Agatha akaangua kicheko cha nguvu hadi mtoto wa Lea akaanza kulia. Na Mzee Gideoni, ambaye hakuwa amecheka tangu Jumatatu, akakunjua uso. Akatazama ile swichi nyeupe ukutani, taa zake zikimetameta.

"Na swichi yangu?"

"Swichi yako ni nzima kabisa. Ilikuwa na adabu tu. Ilingoja iambiwe."

"Nusu ya bei," akawaambia wajumbe, na kifua chake kikapanda. Akalamba kidole, akaisugua ile namba ya kampuni kiganjani mpaka ikafutika. "Fundi," akasema tena, na safari hii alikuwa anamtazama Salha usoni, "ndugu zangu wa Suji wana ofisi tatu, na swichi zao ni za kila kabila. Wameambiwa watupe zote. Utawatazamia lini?"

Kabla Salha hajajibu, simu yake ikalia. Muhidin. Haikuwa hata Ijumaa. Salha alisita, na Mzee Gideoni akauliza ni nani, akaelezwa kwa ufupi habari ya fremu. Akanyoosha mkono akaichukua simu, kama mzee wa kanisa anavyochukua sadaka.

"Haloo. Mimi ni mhazini wa Kituo cha Afya cha Ikongwe. Ndiye wewe kaka wa mume wa fundi? Vizuri. Sikiliza, bwana. Fundi ana kazi hapa, ana kazi Suji, na barua ya kumsifu ninaiandika leo na kuipiga muhuri. Sasa mtu wa kutoka Suji akija Same kumtafuta, akikuta wanasuka nywele, atamwuliza nani?" Akasikiliza. "Ndiyo. Ndiyo. Mwambie huyo mama Nasrin." Akasikiliza tena. "Eti kibao cha buluu kimepauka, kipakwe rangi upya? Nitamfikishia."

Akarudisha simu. Nassoro alikuwa amewapa wote mgongo, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Sasa nyie," Mama Agatha alisema, akifungua daftari lake, "msidhani nimesahau. Mlango wa Sifael uliachwa wazi. Faini yake ni siku moja ya msaragambo wa kusafisha mfereji. Jumamosi, baragumu likilia. Na majembe mje nayo."

*

Jumamosi baragumu lililia ukungu ukiwa bado haujapanda. Salha na Nassoro walikuwa wamelala kwa Hellen, wakateremka bondeni na majembe ya kuazima. Kijiji kilikuwa kimejipanga kwenye ukingo wa mfereji, wanaume kwa wanawake, suruali zimekunjwa. Juu, madirisha ya wodi yalikuwa yanang'aa, na tangu Alhamisi kile kigogo kilikuwa hakijakanyagwa na mtu mwenye karatasi.

Mama Agatha alisimama juu ya jiwe akaanza kuita majina kaya kwa kaya, na kila aliyeitwa alijibu na kuingia kwenye mfereji. Asiyejibu aliwekewa alama, na alama hiyo watu wa Ikongwe huiogopa kuliko polisi. Alimwita Sifael, aliyejibu kwa unyonge. Alimwita Gideoni. Kisha akalamba kidole, akafunua ukurasa.

"Fundi Salha wa Makanya!"

Watu wote wakageuka. Salha alihisi joto likimpanda hadi masikioni. Katika daftari la wageni jina lake halikuandikwa kabisa. Sasa lilikuwa kwenye daftari la wenye mfereji.

"Nipo!" akajibu, na sauti yake ikaenda ikagonga upande wa pili wa bonde. Akapandisha gauni, akaingia majini, yakawa ya baridi hadi mifupani, akacheka.

Majina yakaendelea. Nassoro akasubiri na jembe lake begani. Kaya ya mwisho ikaitwa, daftari likafungwa.

"Mama Agatha," akasema, "na mimi je? Mimi ndiye niliyefungua mlango."

Mama Agatha akafungua tena daftari, akafuatisha mstari kwa kidole, taratibu, mbele ya kijiji kizima.

"Umo," akasema. "Umeandikwa hapa hapa. 'Fundi Salha, na mumewe.'"

Bonde zima lilicheka. Nassoro ndiye aliyecheka kuliko wote. Akaingia kwenye mfereji, akasimama kando ya mkewe, akashusha jembe.